Hivi raia wa kawaida anaweza kuishinda serikali yenye nguvu? Tuanzie hapa kwetu Kusini

#1 Mwana wa Chikongola
Wadau, habari za jioni.

Kuna ubishi umekaa kijiweni kwetu hapa Mtwara, nimeona niulete huku. Kijana mmoja alikuwa anatazama kwenye simu Wamarekani wakibishana juu ya bunduki zao. Wapo wanaosema raia akiwa na silaha nyumbani, serikali itamwogopa. Wapo wanaosema bunduki ya kuwindia haifui dafu mbele ya vifaru na ndege. Akauliza, sisi je? Mkulima wa korosho, mvuvi, mama muuza samaki wa Feri, anaweza kusimama na serikali yenye nguvu akashinda?

Mimi nasema hawezi, na ushahidi wangu siutoi mbali. Babu zetu walisimama 1905 dhidi ya Mjerumani, vita ya Maji Maji, wakapigwa risasi, waliobaki wakafa njaa. Sisi tulisimama 2012 na 2013 tukisema gesi ya Mtwara haitoki. Gesi ilitoka. Bomba la zaidi ya kilomita 500 likafukiwa ardhini mpaka Dar es Salaam, Oktoba 2015 likazinduliwa, leo umeme unafuliwa Kinyerezi. Waliofungwa walifungwa na waliokufa wamekufa.

Anayepinga aniambie wapi, lini, na walipata nini hasa. Nawasilisha.

#2 Mpita Njia
Nakaa siti ya mbele. Huu uzi utakuwa mrefu.

#3 Matumbi wa Kipatimu
Mleta uzi, hiyo 1905 umeipita mbio.

Watu waling'oa pamba Nandete mwezi Julai 1905. Hawakung'oa kwa kuichukia pamba. Walikuwa wanaswagwa na maakida, watumishi wa serikali ya Mjerumani, kwenda kulima shamba la serikali, mashamba yao wenyewe yakiota magugu, na ujira ulikuwa wa aibu. Hawakuwa na jeshi wala mfalme mmoja. Mwezi uliofuata boma la Liwale lilikuwa limeanguka, misheni ya Nyangao imechomwa, na tarehe 30 Agosti watu walikuwa wanaishambulia boma ya Mahenge. Wamatumbi, Wangindo, Wamwera, Wapogoro, baadaye Wangoni: watu ambao kabla ya hapo wengine walikuwa wanawindana.

Vitani tulishindwa, sikatai. Lakini gavana von Götzen aliondoka 1906, akaja Rechenberg, na ile pamba ya shamba la pamoja kwa kulazimishwa ikaachwa. Kule kwao Bunge liligombana juu ya gharama za vita vya makoloni, zaidi vile vya Namibia, hadi likavunjwa Desemba 1906. Mkulima wa Kipatimu asiyejua Berlin iko upande gani aliwaharibia usingizi. Hilo mimi silihesabu sifuri.

#4 Ngindo Asilia
Matumbi, nakuheshimu, lakini usitupambie msiba.

Wajerumani wenyewe walikiri watu 75,000. Wanahistoria wetu waliokwenda kuwauliza wazee wamefika 250,000 mpaka 300,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Askari walichoma maghala na mashamba kwa makusudi, watu wakala mizizi, wakafa. Njaa ilikuwa silaha iliyopangwa mezani.

Na gharama haikuishia 1907. Kwetu Liwale watu walipungua, pori likarudi, mbung'o na tembo wakarudi. Miaka ya 1940 Mwingereza akatazama ramani, akasema eneo hili ni la wanyama, akawahamisha waliobaki ili hifadhi ya Selous ipanuliwe. Ukoo wa bibi yangu ulitolewa huko, makaburi yamebaki ndani ya pori na hatuendi kuyafagia. Sasa mtu anaponiambia "gavana alibadilishwa", namuuliza, gavana mpya alimrudisha nani?

#5 Kijana wa Ligula
Mimi naona kosa lilikuwa dawa. Mganga Kinjikitile wa Ngarambe aliwagawia watu maji ya dawa, akawadanganya kwamba risasi itageuka maji, akawaongoza mpaka mwisho, alipokamatwa na kunyongwa vita vikaisha. Raia wakiongozwa na imani badala ya akili hawashindi.

#6 Mwalimu wa Nachingwea
#5, mpangilio wa matukio haukuwa hivyo. Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa changa kabisa. Liwale, Mahenge, Masasi, Songea, vyote vilikuja yeye akiwa ameshakufa. Walimwua kiongozi wakidhani wameua jambo, na jambo likaendelea mpaka 1907.

Kuhusu maji yenyewe, jiulize Mmatumbi angemwaminije Mngoni bila kiapo kinachowafunga wote wawili? Pale Ngarambe watu waliondoka na ahadi moja. Bila hiyo kila kijiji kingepigwa peke yake, kama Machemba, mtawala wa Wayao, alivyopigwa peke yake, na Hassan bin Omari Makunganya alivyonyongwa Kilwa Kivinje 1895 wenzake wa bara wakiwa hawana habari.

Kilichowaangusha ni bunduki za rashasha, njaa aliyoisema #4, na jambo ambalo hatupendi kulisema: askari wengi waliopiga risasi walikuwa Waafrika, na yapo maeneo ambayo watawala wa kienyeji walibaki upande wa Mjerumani. Songea, tarehe 27 Februari 1906, viongozi wa Kingoni walinyongwa kwa makumi, mmoja wao mwanamke, Nduna Mkomanile. Kamba hazikufungwa na Wajerumani peke yao.

#7 Mpita Njia
Mwalimu, nimekusoma. Huyo Mkomanile shuleni sikumsikia kabisa.

#8 Binti Nanyamba
Mleta uzi ameuliza wapi, lini, walipata nini. Namjibu kwa tarehe.

Tandahimba na Newala, Oktoba 2018. Msimu uliotangulia korosho zilivuka 4,000 kwa kilo kwenye baadhi ya minada. Mnada wa kwanza wa 2018 wanunuzi wakaleta bei za chini ya 3,000, nyingine hazikufika hata 2,000. Wakulima wakasema hatuuzi. Hawakuandamana, hawakurusha jiwe. Waliyakataa masanduku ya zabuni, wakarudi nyumbani. Ndani ya wiki chache Waziri Mkuu anakutana na wanunuzi, mawaziri wawili wa kilimo na wa viwanda na biashara wanaondolewa, na Rais anatangaza kilo ni 3,300 na jeshi litabeba.

Mnisikilize hapa. Juni mwaka huo huo wabunge wetu wa Kusini, na viti vyao na vipaza sauti vyao, walipinga bungeni kuchukuliwa kwa ile asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazosafirishwa nje, iliyokuwa inarudi kwenye zao. Wakashindwa. Miezi minne baadaye bibi zetu waliokalia magunia wakafanya kilichowashinda wabunge. Nguvu ya raia iko kwenye kitu ambacho serikali inakihitaji na yeye ndiye anakishika.

#9 Mkulima wa Tandahimba
Dada Binti, mimi nilikuwepo kwenye ule mnada. Nilinyanyua mkono kukataa, na ningeambiwa leo nikatae tena ningekataa. Lakini malizia habari.

Baada ya 3,300 kutangazwa, wenye kilo nyingi tuliambiwa tuhakikiwe mashamba. Hapo kwa nia njema, maana kangomba walikuwepo, watu walionunua kwa vipimo vya bakuli kwa wenye njaa kabla ya msimu. Lakini uhakiki ulikwenda pole pole mno. Malipo yangu yalinifikia muda wa kupalilia umeshapita. Salfa ya kupulizia mikorosho nikakopa. Mtoto akachelewa kuripoti kidato cha tano. Jirani yangu alikuwa ameshakopa kwa kangomba huyo huyo aliyetakiwa kukamatwa, akalipa kwa korosho za mwaka uliofuata. Kampuni ya Kenya iliyosemekana itanunua tani 100,000 nayo haikununua.

Tulishinda bei, tukashindwa muda. Mkulima hawezi kusubiri kama serikali inavyoweza kusubiri. Yenyewe ina mishahara ya wengine, sisi tuna chakula cha miezi michache.

#10 Binti Nanyamba
Kaka Mkulima, pole sana, na ni kweli tupu. Ila ungechagua 1,900 mkononi Oktoba au 3,300 mwezi wa nne?

#11 Mkulima wa Tandahimba
Ningechagua 3,300, na ningewataka wenzangu wa Lindi wakatae siku hiyo hiyo. Tulikataa sisi, wengine waliendelea kuuza.

#12 Kilwa Kisiwani
Salaam. Mimi nacheka na watani zangu wa Mtwara. Gesi mnayosema "ilitoka" 2015, yetu ya Songo Songo, wilaya ya Kilwa mkoa wa Lindi, ilianza kwenda Dar es Salaam 2004. Hamkuja kutuunga mkono. Mlisubiri bomba lipite mlangoni kwenu ndipo mkaona gesi ni mali ya Kusini!

#13 Mwana wa Chikongola
Na nyie wa Kilwa mlisema nini 2004? Mlikuwa mnakula kamba na pweza, mnatazama bomba likipita.

#14 Kilwa Kisiwani
Tulikuwa tunaomba barabara. Hukumbuki kipande cha Ndundu hadi Somanga? Masika basi linalala pale, abiria wanalala pale, mgonjwa wa Nyangao anakufa pale. Ukiwa unapigania kupita kwenye tope, bomba hulioni.

#15 Mpita Njia
Ndundu–Somanga isikieni tu kwa wenzenu. Mama yangu alijifungua mdogo wangu ndani ya basi, na tukampa jina la konda aliyekwenda kutafuta maji. Ni jina zuri, silitaji hapa.

#16 Mwana wa Mikindani
Turudi kwenye gesi, maana #1 ameieleza kama watu walikuwa wajinga wasiotaka wenzao wa Dar wapate umeme. Sikubali.

Maandamano ya 27 Desemba 2012 yalikuwa na swali linaloeleweka: kwa nini mitambo ya kufua umeme na viwanda visijengwe hapa, umeme ndio usafirishwe? Watu waliahidiwa kwenye majukwaa kwamba Mtwara itakuwa mji wa viwanda. Halafu wakasikia mkopo wa China wa dola bilioni 1.2 umetafutwa kujenga bomba la kuondoa malighafi. Kusini ina kumbukumbu. Mwingereza alijenga reli kwa ajili ya karanga za Nachingwea, karanga zikashindikana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Mtu ambaye babu yake aliona reli inang'olewa humwambii "subiri maendeleo yanakuja" akakaa kimya.

Januari 2013 nayo ichambuliwe. Ya Masasi yalianza na ugomvi wa bodaboda na polisi, yakaunganishwa na gesi baadaye. Waziri Mkuu Pinda alikuja, akakaa na makundi, akasikiliza, mji ukatulia. Miezi kadhaa ukatulia kabisa! Tarehe 22 Mei ikasomwa hotuba ya bajeti ya nishati kule Dodoma, msimamo ukawa bomba palepale, mji ukalipuka. Daraja letu la Mikindani likaharibiwa, jeshi likaingia mitaani.

Ninalotaka kusema ni kwamba Januari raia walisikilizwa, Mei hawakusikilizwa, na raia ni wale wale, serikali ni ile ile. Kwa hiyo swali la "anaweza au hawezi" ni pana mno. Anaweza leo, hawezi kesho, inategemea ndani ya serikali nani ana sauti wiki hiyo.

#17 Kijana wa Ligula
Na walioharibu daraja walimkomoa nani? Samaki wa Mikindani hawakufika sokoni.

#18 Mwana wa Mikindani
Hawakumkomoa mtu. Niliwaambia siku ile na nawaambia leo. Kuna nyumba zilichomwa za watu ambao kosa lao lilikuwa kadi ya chama. Liwale mwezi mmoja kabla ilikuwa hivyo hivyo, malipo ya pili ya korosho yakaja pungufu, hasira zikaishia kwenye nyumba za majirani. Sitalitetea hilo kamwe. Lakini pia sitakaa kimya juu ya raia waliopigwa majumbani mwao ambao hata barabarani hawakutoka. Mjomba wangu alichukuliwa usiku akiwa na shuka. Mpaka leo mkono wa kushoto haunyanyuki vizuri.

#19 Ngindo Asilia
Pole sana ndugu. Mungu ampe nafuu mjomba.

#20 Mtafiti wa Njiani
Naomba nilete takwimu. Erica Chenoweth na Maria Stephan walikusanya kampeni 323 za miaka ya 1900 hadi 2006, zenye silaha na zisizo na silaha, zote za malengo makubwa kama kuondoa utawala au mkoloni. Zisizo na silaha zilifanikiwa asilimia 53. Zenye silaha asilimia 26. Kwa hiyo yule kijana wa kijiweni aliyetazama Wamarekani ajue kuwa bunduki inapunguza nafasi ya kushinda, kwa sababu inawapunguza washiriki. Bibi wa miaka 70 hawezi kuingia msituni, ila anaweza kugoma kuuza korosho. Baadaye Chenoweth akasema kampeni zilizofikisha asilimia 3.5 ya watu wote kwa pamoja karibu zote zilishinda.

#21 Mwalimu wa Nachingwea
Mtafiti, hiyo 3.5 isigeuzwe dawa ya maji nyingine. Yeye mwenyewe ameitaja Bahrain ya 2011 kuwa walivuka idadi hiyo na walishindwa. Majeshi ya Saudia yalivuka daraja yakaja kusaidia.

Mimi nashikilia kwamba jambo zima liko kwa mwenye bunduki. Tazama mwaka mmoja tu, 1989. Juni, Beijing, askari waliingizwa mjini wakapiga. Oktoba 9, Leipzig, watu kama 70,000 wakatembea, walinzi wakiwa wamejipanga na risasi zipo, amri ya kupiga haikuja. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ukafunguka. Ujasiri wa raia ulikuwa ule ule. Tofauti ilikuwa upande wa pili wa barabara.

#22 Mzee wa Newala
Wanangu, salamu zenu.

Mnasoma vitabu vya mbali na Ruvuma iko hapo chini. Mreno alikuwa serikali yenye nguvu au hakuwa? Juni 16, 1960, watu walikusanyika Mueda, ng'ambo ya mto huko Msumbiji, kuuliza habari za uhuru wao, wakapigwa risasi uwanjani. Hawakuwa na silaha, Mtafiti. Waliobaki wakavuka mto. Hapa kwetu walipokelewa, maana ni Wamakonde na sisi ni Wamakonde, mto haujawahi kugawa ukoo. Septemba 25, 1964, vita ikaanza. Kambi kubwa ikawa Nachingwea, mwalimu anajua. 1970 Mreno alileta askari wengi mno kusafisha kaskazini nzima, ndege zinapita mpaka huku, vijiji vya mpakani vikalimwa mabomu na mabomu ya kutega. Nimezika rafiki wa utotoni aliyekanyaga bomu akienda kuchimba mihogo.

Hawakuwashinda. Wapiganaji wakahamia Tete, vita ikafunguka upande mwingine. Juni 25, 1975, Msumbiji ikawa huru. Wale walikuwa wakulima. Mnaniambia raia hawezi?

#23 Mwana wa Chikongola
Shikamoo mzee. Hapo naomba nikuulize kwa adabu. Wangeshinda bila Tanzania? Walikuwa na serikali nzima nyuma yao, kambi, chakula, silaha zinashuka bandarini. Huyo siyo tena raia dhidi ya serikali. Ni serikali mbili, moja imejificha nyuma ya raia.

#24 Mzee wa Newala
Marahaba mwanangu. Swali zuri. Kambi bila mtu wa kuingia kijijini usiku na kupewa uji haifai kitu. Uji huo haukutoka serikalini.

#25 Mwalimu wa Nachingwea
Na Mreno hakuangushwa Msumbiji. Aliangushwa Lisbon, Aprili 25, 1974, na maofisa wake mwenyewe waliochoka kupigana vita vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Narudi pale pale, mwenye bunduki alipokataa, mambo yakaisha kwa siku moja.

#26 Matumbi wa Kipatimu
Walichoka kwa sababu gani, Mwalimu? Kwa sababu kuna mkulima wa Mueda aliyekataa kuchoka miaka kumi. Unampa sifa kapteni wa Lisbon, unamnyima aliyemchosha.

#27 Mpita Njia
Hapo Matumbi umenena.

#28 Wakili Mtarajiwa
Mimi nina mfano wa huko huko Marekani alikoanzia mleta uzi. 1794 wakulima wa magharibi ya Pennsylvania waligomea ushuru wa pombe ya nafaka. Walikuwa na bunduki, na haki ya kuwa na silaha ilikuwa imeshaingia kwenye katiba yao tangu 1791. Rais Washington akakusanya wanamgambo kama 13,000, uasi ukayeyuka karibu bila kupigana. Bunduki za raia hazikusaidia lolote. Lakini 1802, chini ya Jefferson, ushuru ule ukafutwa, baada ya chama kilichoupinga kushinda uchaguzi. Kwa hiyo walishindwa barabarani, wakashinda kwenye sanduku la kura miaka minane baadaye.

Sasa tazama kwetu. Oktoba 2015, miaka miwili na ushee baada ya mabomu ya machozi, Mtwara Mjini ikachukuliwa na chama cha upinzani, CUF. Tandahimba CUF. Kilwa Kaskazini, Kilwa Kusini, Mchinga, Liwale, CUF. Mikoa ambayo ilikuwa ngome ya chama tawala tangu TANU. Si bure.

#29 Ngindo Asilia
Wakili, mbunge wa Liwale alihamia chama tawala 2018. Kura yangu ikahama nayo bila mimi kuulizwa. Sanduku la kura nalo lina mlango wa nyuma.

#30 Mama Ntilie wa Mkanaledi
Mniruhusu na mimi. Mnahesabu watawala walioanguka tu. Mimi nauza chakula. Baada ya 2013 hapa mjini watu walijifunza kunyamaza. Mteja akianza kusema siasa, mwingine anahamia meza nyingine. Kijana wangu aliyekuwa mstari wa mbele akasema mama, mimi naenda Kariakoo, huku sirudi. Sasa ni machinga. Wenzake wengi hivyo hivyo. Huko kuondoka mnakuweka wapi? Ni kushindwa, au na kwenyewe ni kukataa?

#31 Mwalimu wa Nachingwea
Mama, umegusa jambo kubwa na ni la asili huku. Machemba, mtawala wa Wayao pale Luagala, alimjibu Mjerumani 1890 kwa barua ya kukataa kumtii, na kwa karibu miaka kumi walishindwa kumpata. Mwishowe, 1899, alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji na watu wake. Hakuinama mpaka mwisho. Hakushinda pia. Serikali ilibaki na ardhi, yeye akabaki na watu.

#32 Mama Ntilie wa Mkanaledi
Basi mimi nimebaki na meza na kijana kaondoka. Heri ya Machemba.

#33 Kijana wa Ligula
Swali la pembeni: hivi gesi ya majumbani Mtwara imefika mitaa gani? Sisi bado mkaa, gunia limepanda.

#34 Mwana wa Mikindani
Zipo nyumba zimeunganishwa, si nyingi. Ndilo jambo linalouma. Kisima kiko Msimbati, bibi wa Msimbati anapikia kuni za mkoko.

#35 Mtafiti wa Njiani
Vijana wa Kenya, Juni 2024, bila chama na bila kiongozi mmoja, waliupinga muswada wa fedha. Tarehe 25 wakaingia Bungeni, makumi ya watu walikufa siku zile, tarehe 26 Rais Ruto akasema hausaini. Siku moja tu. Mleta uzi alitaka wapi, lini, nini. Hiyo hapo.

#36 Wakili Mtarajiwa
Na Desemba 2024 baadhi ya kodi zile zikarudi kwa sheria nyingine. Loliondo ni hivyo hivyo. 2013 mpango wa kutenga kilomita za mraba 1,500 za malisho kuwa eneo la wanyamapori ulipingwa na wafugaji, wanawake wakiwa mbele, na Pinda huyo huyo aliyekuja Mtwara akaenda Septemba akasema umefutwa. Juni 2022 vigingi vya mpaka vikasimikwa kwenye eneo hilo. Serikali ikishindwa haiondoki. Inakaa, inasubiri waliokuwa macho walale. Sudan wamemwondoa Bashir Aprili 2019, Oktoba 2021 majenerali wakapindua, Aprili 2023 majenerali wale wale wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe na raia wanakimbia mpaka leo.

#37 Mwana wa Chikongola
Nimesoma zote, ahsanteni. Naona mnanisaidia mimi. Kila mfano wa ushindi una "lakini" yake: korosho zilicheleweshwa, kodi za Kenya zikarudi, Loliondo vigingi, Sudan vita. Nabaki na msimamo wangu, naupunguza kidogo tu. Raia anaweza kuizuia serikali kwa muda. Kuishinda, hapana.

#38 Binti Nanyamba
Na kila mfano wa kushindwa kwako nao una "lakini" yake, kaka. Pamba ya kulazimishwa iliachwa. Pinda alikuja. Bei ilipanda. Unadai ushindi usio na kasoro kwa mkulima, wakati serikali nayo haijawahi kushinda bila kasoro. Bomba lilijengwa, lakini serikali ililazimika kuja kueleza gesi ni nini na itamnufaisha nani. Kabla ya 2012 nani alikuja Msimbati kueleza chochote?

#39 Mama Ntilie wa Mkanaledi
Binti, kuelezwa hakuivishi wali.

#40 Matumbi wa Kipatimu
Ila asiyeelezwa hata wali wake hajui umekwenda wapi.

#41 Wakili Mtarajiwa
Jambo moja la kufanya kesho, wakati ubishi unaendelea. Mkutano mkuu wa kijiji kwa sheria unatakiwa kila miezi mitatu, na mkazi yeyote mwenye miaka 18 ni mjumbe. Mapato na matumizi yanasomwa pale. Kuna pia ushuru wa huduma ambao kampuni zinailipa halmashauri kutokana na mauzo yao. Nendeni muulize imeingia kiasi gani, imejenga nini. Nani kati yetu amehudhuria mkutano wa mwisho wa kijiji au mtaa wake?

#42 Kijana wa Ligula
Kwetu uliitishwa asubuhi ya siku ya kazi, watu hawakutimia.

#43 Ngindo Asilia
Kwetu ulitimia, swali likaulizwa, muulizaji akaitwa mchochezi. Wakili, sheria yako ni nzuri. Nani atakaa pembeni ya muulizaji siku ya pili?

#44 Mkulima wa Tandahimba
Hilo ndilo tunalijaribu sisi. Msimu huu kwenye chama chetu cha msingi tumekubaliana swali la mjengeko wa bei haliulizwi na mtu mmoja. Tutasimama watu wa vitongoji vyote, kila mmoja mstari wake: huyu anauliza makato ya ghala, huyu usafirishaji, huyu ushuru wa halmashauri, huyu chama kikuu. Wakimwita mchochezi wa kwanza, wa pili anaendelea na mstari unaofuata. Binti Nanyamba, na nyie fanyeni hivyo hivyo kabla ya mnada wa kwanza, halafu tulinganishe karatasi zetu hapa hapa. Ngindo, tuletee na ya Liwale.